Mgawo wa Muziki wa Baba

Marehemu alikuwa seremala, na muziki wake aliujenga kama alivyojenga makabati, kipande kwa kipande, bila pupa. Alianza na amplifaya kuukuu kutoka hoteli iliyokuwa inafungwa, ikinguruma kama paka mgonjwa mpaka fundi redio alipoitia vifaa vipya. Miaka ikapita ndipo akapata pleya ya santuri. Spika alinunua matumbo tu, zile koni za ndani zinazotoa sauti. Masanduku aliyaranda mwenyewe, akayavunja mara mbili kwa sababu yalivuma kama pipa. Watu wakimuuliza kwa nini asinunue redio kubwa yenye kila kitu ndani, alicheka, akasema hiyo ni sawa na bwana harusi kujifungisha ndoa mwenyewe, kujipikia pilau na kujipigia vigelegele.

Kila Jumapili mchana, vyombo vikishaoshwa, yeye na mkewe walikaa kwenye kochi wakasikiliza upande mmoja wa santuri, kisha wa pili. Watoto walipigwa marufuku kukatiza mbele yao.

Siku moja alianguka karakanani, randa mkononi, asiamke tena.

Msiba ulipokwisha, baba mdogo aliwakalisha watoto watatu sebuleni wagawane vitu. Nyumba ilibaki kwa mama, hilo halikuwa na mjadala. Kwenye muziki ndipo maneno yalipopanda. Kifungua mimba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisema yeye ndiye mkubwa. Kitinda mimba alisema yeye ndiye aliyekuwa akimshikia baba mbao. Binti wa kati, muuguzi, alikuwa hajalala vizuri wiki nzima na kichwa kilimgonga. Akasema kwani tatizo liko wapi, si ni vipande vipande? Kaka achukue amplifaya, mdogo wao spika, yeye atachukua pleya.

Wote walishusha pumzi. Baba mdogo akamgeukia mama, akamuuliza kama ameridhika.

"Chukueni, wanangu," mama alisema. "Ni vyenu."

Nyaya zilichomolewa alasiri ileile. Santuri zilibaki kwa mama, maana hakuna aliyezitaka.

Kwake, muuguzi aliiweka pleya juu ya kabati na kuifunika kitambaa. Siku moja alichukua santuri moja kwa mama, akaiweka, akashusha sindano. Sahani ilizunguka, lakini bila amplifaya na spika sauti haikutoka. Alipoinamisha sikio karibu kabisa na sindano alisikia watu wakiimba, wadogo mno, kama walio ndani ya kiberiti. Aliizima, akaona haya bila kujua anamwonea nani.

Kila alipokwenda kumwona mama alimkuta jikoni. Huko ndiko alikokula, huko ndiko alikopokelea wageni. Alidai sebuleni kuna joto. Miezi saba ikapita hivyo, mpaka Jumapili moja muuguzi alipomkuta ameshika ganda la santuri, akilisoma nyuma.

"Huu wimbo wa tatu unaanzaje?" mama aliuliza. "Tangu juzi nautafuta kichwani, siupati."

Muuguzi alijaribu kuuimba. Alikumbuka kiitikio tu, tena kwa kubabaisha. Mama alimshukuru, akalirudisha ganda mahali pake.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja dukani kwa kaka yake. Alikuta amplifaya imeunganishwa na tarumbeta mbili za bati juu ya mlango, ikitangaza bei ya misumari, na vumbi la saruji limeingia kila tundu. Alimweleza habari ya mama. Kaka hakubisha, aliichomoa, akaifuta kwa shati lake, akasema ataipeleka yeye mwenyewe kwa fundi.

Kwa mdogo wao mambo yalikuwa mengine. Simu ya kwanza alikwepa, ya pili akakiri kwamba spika aliziuza alipokwama kodi ya chumba. Aliyenunua alikuwa na baa. Walipofika wote watatu, mwenye baa aliwaonyesha bila kinyongo: matumbo yaliungua zamani, na masanduku yalikuwa nje, wateja wameyakalia. Moja lilikuwa limepasuka kwa mvua. Kitinda mimba alishika ule mpasuko kwa kidole, akaondoka kwenda kusimama barabarani.

Walinunua spika nyingine, za dukani, nzuri tu. Jumapili iliyofuata waliunganisha kila kitu sebuleni na kumkalisha mama kwenye kochi. Muuguzi akaweka wimbo wa tatu.

Mama aliusikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Kisha akasema ndio wenyewe, ameshakumbuka.

"Sasa mbona hujafurahi, mama?" kaka aliuliza.

"Baba yenu alizisogeza zile spika mwezi mzima," alisema. "Anasogeza kidogo, ananiuliza, huyu mwimbaji amesimama wapi? Namwambia, kushoto. Anasogeza tena. Siku nilipomwambia amesimama kati yetu na ukuta, kama mtu aliyekuja kututembelea, ndipo akapiga alama sakafuni. Hizi zinaimba vizuri. Ila hakuna mtu aliyesimama."

Kaka alianza kuzisogeza. Alihangaika nazo nusu saa, akiuliza na kuuliza, na mama akijibu kwa upole kwamba bado.

"Mama, mimi ndiye niliyesema tugawane," muuguzi alisema.

"Najua. Na mimi ndiye niliyesema chukueni. Ningesema niachieni, mngeniachia?"

"Tungekuachia."

"Basi," mama alisema, akamshika mkono.

Muziki waliuacha pale. Mama alirudi kukaa sebuleni, na kila Jumapili muuguzi alipokuja alimuuliza kama awashe. Mama alimjibu wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika alisema hivyohivyo, mpaka binti akaacha kuuliza, wakawa wanakaa tu wawili kwenye kochi, wakizungumza habari za hospitali.