Upande wa Kushoto Hausemi

Madufu yanalia, baba haimbi. Masoud alizima redio, akaiwasha, akaizima tena, akaupiga usukani kofi. Madufu matupu! Spika ya kulia ya Noah yake ilikuwa ikitingisha vioo vya nyumba pale Mapinga, na ile ya kushoto imenuna kama mkwe aliyenyimwa kiti.

Na siku yenyewe ndiyo hiyo, jamani! Baada ya alasiri watu wa bwana harusi wanakuja kutoka Bagamoyo kumchukua mdogo wake, Adila, na Adila ameshasema, na akisema huyo amesema: "Sitoki ndani mpaka baba anitoe." Baba yao, Mzee Alawi, alikuwa mwimbaji wa kasida. Mabinti wangapi wa pwani hii alikuwa amewatoa kwa sauti yake, halafu akafariki hajamtoa wa kwake! Kilichobaki ni kasida moja tu, iliyorekodiwa kwenye harusi ya watu kwa maikrofoni mbili: sauti yake imekaa upande wa kushoto, madufu ya wenzake upande wa kulia. Na Masoud ndiye aliyejigamba mbele ya ukoo mzima kwamba muziki wa gari lake utamtoa Adila kwa sauti ya baba, na Bagamoyo watasikia.

Sasa wasikie nini?

Akampigia simu Sihaba, binti wa mjomba wake, fundi wa redio za magari pale barabarani.

"Binamu, nakufa!"

"Kufa kesho, leo tuna pilau," alisema Sihaba, na hakukawia kufika, gauni la harusi mwilini, kisanduku cha vifaa mkononi. Akalizunguka gari. "Umelifanya nini? Juzi liliimba."

"Sijaligusa!"

"Wewe hujaligusa? Wewe unayeliwasha hata ukienda chooni?"

Masoud alimfungulia mlango wa gari. Binamu ni binamu, ana ruhusa ya kutania.

Sihaba hakukimbilia kufungua kitu. Alipiga magoti mlangoni, akachomoa waya wa spika ya kushoto kutoka kwenye amplifaya iliyofichwa chini ya kiti, akauchomeka mahali pa ule wa kulia. Spika ya kushoto ikalipuka kwa madufu! Masoud akaruka.

"Tulia wewe. Hii inatuambia spika ni nzima, basi." Akarudisha waya mahali pake. Kisha akazishika pini mbili zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, ya kushoto akaitia tundu la kulia, ya kulia akaitia la kushoto.

Na Mzee Alawi akaimba.

Wee! Jikoni makelele ya masufuria yalikatika ghafla. Mama yao, Bi Mwanahija, alitokea mlangoni na mwiko mkononi, mdomo wazi. Masoud akapiga ukelele mpaka kuku wakatawanyika. "Imepona! Mama, imepona!"

"Haijapona," alisema Sihaba. "Madufu yako wapi? Sasa ndiyo yamepotea. Redio nzima, nyaya nzima, spika nzima. Chochote kinachoingia amplifaya kwa kushoto hakitoki. Ugonjwa umo humu ndani."

Akaichomoa, akaifungua skrubu zake, akainua kifuniko. Harufu ya waridi ikawapiga usoni. Sihaba alinusa, akamtazama Masoud, akanusa tena.

"Amplifaya yako imejipaka marashi."

Kweli tupu! Upande mmoja wa ubao wa ndani ulikuwa unanata, na kidude kimoja kimeungua cheusi.

"Nani amemwaga marashi humu?" Masoud alifoka. "Nasema, nani?"

"Mimi hapa," alijibu Shangazi Ashatu kutoka barazani, mrashi wenyewe bado kaushika. "Gari la bi harusi lisinyunyizwe marashi, ni la kubebea mkaa? Na nani aliniambia jana, 'Shangazi, mimina mpaka chini ya viti, linanuka samaki'?"

Aliyesema hivyo ni Masoud, na samaki ni wake pia. Alitamani ardhi ipasuke aingie na Noah yake.

"Hiki kidude sina," alisema Sihaba, sasa bila utani. "Mpaka Dar."

Na hapo hapo, kutoka barabara kuu, honi! Honi za msafara wa bwana harusi, na vigelegele juu yake.

"Upande mmoja tu ndio unaofanya kazi, binamu. Madufu bila baba, au baba bila madufu?"

"Hilo nalo la kuuliza? Mtie baba!"

Sihaba akairudisha amplifaya, akatia pini ya baba kwenye upande ule mzima, akaunga hapo spika zote mbili, mikono inakwenda mbio. "Usifungulie sauti mpaka mwisho, utaua na upande huu."

Masoud akarukia kwenye usukani. Kasida bila dufu! Wakwe watacheka. Magari yakaingia uani, akabonyeza redio. Sauti ya baba ikatoka peke yake, bila kitu cha kuibeba.

Chini ya turubai walikaa wazee wenzake wa kasida, waliokuja kuwapokea wageni. Mzee Amiri, aliyempigia Alawi dufu tangu ujana, aligeuza kichwa. "Alawi kaja peke yake? Haiwezekani!" Akalivuta dufu lake, akaingia palepale kwenye mwendo, na wenzake wakamfuata. Uani pakachemka! Wageni hawakucheka hata mmoja, walikuwa wanaitikia.

Ubeti ukaisha. Mle ndani ya spika Mzee Alawi akavuta pumzi, kisha akasema jambo, kwa sauti ya chini ya mtu anayemwambia jirani yake. Masoud alikuwa ameisikiliza kasida ile mara nyingi mno, na hakuwahi kulisikia. Madufu ya upande wa kulia yalikuwa yanalifunika siku zote.

"Amiri, polepole. Mtoto anatoka."

Mkono wa Mzee Amiri ulisimama hewani. Machozi yalimtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

"Naam, Alawi," alisema, akaanza kupiga polepole.

Pazia la mlango likasogea, na Adila akatoka.