Hodi ya Tatu

Mume wangu haongei na fundi cherehani, na fundi cherehani haongei na mume wangu. Watu hawa wamecheza drafti sebuleni kwetu tangu wakiwa na meno yote. Ugomvi wenyewe mmoja wao hata hajui kama upo.

Ilikuwa hivi. Fundi alikuja kama kawaida yake, akasimama nje, akapiga hodi tatu. Kupitia dirishani aliuona mgongo wa mzee wangu, amekaa na redio yake. Mgongo haukugeuka. Alirudi siku nyingine, mgongo ukawa uleule. Mimi nilikuwa sokoni siku zote mbili. Fundi akasema nyumba ile hatakanyaga tena.

Mzee wangu hakusikia, basi. Masikio yamechoka. Lakini nani amwambie?

"Mimi kiziwi?" aliniuliza nilipojaribu. "Watu wa siku hizi ndio wananong'ona."

Mjukuu wetu wa kike, ambaye tunamwita Nyaya kwa sababu kila mfuko wa nguo yake una nyaya, alinivuta jikoni. Binti huyu ameacha kuchumbiwa na watu, amechumbiwa na chuma cha kulehemu. Anajifunza kwenye simu, anatazama video, halafu anaunguza kitambaa changu cha meza.

"Bibi, nitatengeneza taa. Mgeni akifika, inawaka juu ya redio. Babu anaiona, anafungua."

"Hataikubali, mke mwenzangu."

"Tutasema ni ya kwako. Wewe ndiye husikii."

Nikakubali. Nikawa kiziwi kuanzia chakula cha mchana. Mzee wangu alinionea huruma sana, Mungu ambariki. Alininyanyulia sufuria nzito, akanishika mkono kuvuka barabara, na kila neno akanitamkia kwa kelele hadi majirani wakajua mboga yetu imepungua chumvi.

Nyaya alileta kadi ya kijani yenye ukubwa wa kiberiti. Hiyo, alisema, ni kompyuta ndogo. Inafanya unaloiagiza, hilo tu. Akabandika mlangoni kidude cha kuhisi mtikisiko, akaunganisha nyaya, akawasha.

Taa iliwaka vizuri mno. Jirani alipotwanga, iliwaka. Upepo ulipopita, iliwaka. Mbuzi alipojikuna mgongo mlangoni, iliwaka, na mzee wangu akafungua kwa furaha, "Karibu, karibu ndani!" Mbuzi akakaribia kweli, akala kalenda. Lakini jirani mwenyewe alipokuja kurudisha kinu, taa ikanyamaza kimya, akachoka akaenda zake.

Nyaya alikaribia kulia. "Kwenye video inafanya kazi, Bibi! Mtu anagonga mlango, taa inawaka."

"Mjukuu wangu, hapa kwetu nani anagonga mlango? Askari na mlevi. Mwenye adabu husimama nyuma kidogo, akapiga hodi."

Alinitazama kama nimemfungulia sanduku. Akabandua kidude, akaweka kinasa sauti nje juu ya mlango. Sasa jogoo akawa mgeni. Basi akaandika maagizo mapya: kadi isubiri sauti tatu zilizoachana kama hodi zinavyoachana. Ili kuipima, alinisimamisha nje niipigie hodi nyumba yangu mwenyewe alasiri nzima. Mke wa muuza mkaa akapita.

"Mama, mzee kakufukuza?"

Ilifanya kazi. Ila mzee wangu kila akifungua alikuta migongo ya watu inatoka getini. Hilo nalo nililieleza polepole: hodi ya tatu ni ya kuaga. Usipojibiwa hapo, unaondoka bila kinyongo. Nyaya akabadilisha tatu ikawa mbili.

Nikapeleka gauni kwa fundi lipandishwe pindo. Alinipandishia palepale, akakataa kulipwa, na hata hasira zake hazikumzuia kunitafutia kiti. Ila uso wake ulikuwa umefungwa.

"Shemeji, Jumamosi nitapita. Kete za drafti ni zangu, ubao ni wake. Nachukua changu, yaishe."

Nilijua akishazichukua hatarudi.

Jumamosi alikuja na mfuko. Mzee wangu yuko na redio, vikombe vinatetemeka mezani. Mimi nimekaa mbele yake, kiziwi kamili. Nyaya ameinama na bisibisi.

"Hodi," alisema fundi. Kwa sauti ya mtu aliyenuna, kama anaiambia kola ya shati lake. Taa haikuwaka.

"Hodi." Hakuna kitu. Nyaya alinikodolea macho. Kuitika ningeweza, lakini kiziwi anaitikaje? Nilishika kiti.

"HODI!"

Hiyo kadi iliisikia. Lakini kwake ilikuwa ya kwanza, na kwa fundi ilikuwa ya mwisho. Nikasikia viatu vinageuka mchangani.

"Haya basi, kwaherini!" alipaza sauti kwa uchungu.

Taa ikawaka. Kadi haijui hodi wala kwaheri, inahesabu sauti tu.

Mzee wangu aliruka. "Mama watoto! Mgeni! Taa inawaka na wewe umekaa! Masikio yako haya yatatukosanisha na watu!" Mtaa mzima ulisikia. Akafungua mlango. "Fundi! Ulipotelea wapi, bwana? Nimekungoja mpaka kete zimeota kutu!"

Fundi alisimama getini, mguu mmoja nje. Akarudi taratibu hadi mlangoni. Akaitazama redio inayonguruma. Akaitazama taa. Akanitazama mimi. Mtu anayetunga uzi kwenye sindano kila siku haonyeshwi kitu mara mbili. Aliinama sikioni kwangu.

"SHEMEJI! POLE SANA NA MASIKIO!"

"Usimpigie kelele hivyo," mzee wangu alimkemea. "Atajisikia vibaya."

Mabega ya fundi yalitikisika. Aliukunja mfuko aliokuja nao wa kubebea kete, akauweka kitini, akaukalia. Mzee wangu akapanga ubao, na kabla hajamaliza walishaanza kutukanana.

Nilipowaletea chai, fundi alikuwa amemsogelea Nyaya. "Mjukuu, nitengenezee na mimi taa. Cherehani yangu ina kelele, mke wangu anapata taabu kusikia wateja."

"Mke wako, babu?"

"Ndiyo. Yeye."

Nyaya alichukua penseli. "Wateja husimama upande gani wa meza?" aliuliza kwa sauti ya kawaida tu.

Fundi akamgeuzia sikio.

"Eh?"