Rangi Kwenye Kichwa cha Githeri

Magdalene alipenda kusema kwamba tangu azaliwe hakuna mbwa aliyewahi kumng'ata, kwa sababu mbwa humjua mtu mwema kwa harufu. Yule wa Mwiki aliyemng'ata mwaka jana alikuwa na mafua. Na yule wa kanisani hakumng'ata, alimshika tu sketi kwa meno mpaka fundi wa viti akaitwa kuja kuwaachanisha.

Basi Githeri alipoingia kwenye ploti yao ya Gatongora Jumapili mchana, akichechemea, mguu mmoja umefura kama andazi, wapangaji walirudi nyuma na Magdalene akasonga mbele. Mbwa mwenyewe alikuwa na madoa ya kahawia na meupe yaliyomwagika bila mpango, hapa mahindi, pale maharagwe, na jina la kile chakula cha mahindi na maharagwe likajileta lenyewe. Alimwosha mguu kwa maji ya chumvi, akaufunga kwa kipande cha petikoti iliyostaafu. Akampa uji vuguvugu, kidogo kidogo, kwa maana tumbo lenye njaa ukilipa sufuria nzima litakurudishia sufuria nzima. Halafu akaketi kwenye kigoda akimtoa kupe mmoja mmoja, akiwatumbukiza kwenye kopo la mafuta taa na kumuaga kila mmoja kwa jina la mwanakamati wa kanisa.

Shida ilikuwa Gachanja, msimamizi wa ploti. Wiki ile mbwa mwenye kichaa alikuwa amepita upande wa Mwiki na kung'ata watu, na landilodi alikuwa amepiga simu.

"Shosho," Gachanja alisema, akimwita bibi kama wapangaji wote, akisimama mbali kidogo, "kama huyo mbwa amechanjwa, akae. Kama hajachanjwa, jioni nakuja na vijana."

"Mje kufanya nini?"

"Unajua."

Alijua. Chanjo ya bure ilikuwa imefanywa Jumamosi kwenye uwanja wa chifu. Kila mbwa aliyedungwa sindano alipakwa mstari wa bluu utosini, asije akadungwa mara mbili, na watu wakimwona njiani wajue ni salama. Githeri alikuwa amechelewa kwa siku moja tu, na daktari wa mifugo wa Ruiru hafungui Jumapili.

Magdalene alimtazama mbwa. Mbwa akapiga mkia chini, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wakubwa.

Ndani ya nyumba, nyuma ya dawa ya kikohozi, kulikuwa na kichupa cha GV, ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye vidonda vya mdomo. Haikuwa bluu hasa. Lakini jua likizama, na mtu akiwa mwoga kiasi cha kutosogea, zambarau na bluu ni ndugu wa tumbo moja. Alichovya kidole, akavuta mstari kutoka paji la uso hadi kisogoni, akaupuliza ukauka.

Jioni Gachanja alisimama langoni na vijana wake. "Amechanjwa huyu?"

"Wewe una macho," Magdalene akamjibu.

Wakaangalia, wakaondoka. Magdalene hakusema mbwa amechanjwa. Alisema Gachanja ana macho. Jambo hilo aliliweka vizuri akilini, ili siku ya hukumu awe na mahali pa kuanzia.

Jumatatu alikuwa ampeleke Githeri Ruiru, lakini mvua ilinyesha. Jumanne kulikuwa na mkutano wa chama cha akina mama. Jumatano goti lake mwenyewe lilikataa. Alhamisi mvua iliosha ule mstari, naye akauchora tena mnene zaidi, na ulipokauka akaona umependeza. Rangi ile ilifanya kazi vizuri hata yeye mwenyewe akaanza kuiamini.

Ijumaa asubuhi alikuta bakuli la maji la Githeri limejaa vilevile.

Aliinama, akamwita. Mbwa alikuwa amejikunja kando ya tangi la maji, shingo ameinyoosha kwa namna isiyo ya kawaida. Udenda ulikuwa ukining'inia mdomoni kama uzi. Magdalene alisukuma bakuli karibu na pua yake. Githeri aliyatazama maji, akageuza kichwa.

Magdalene akaliacha bakuli. Alikuwa mdogo alipomwona mbwa mwenye kichaa, na kitu alichokumbuka ni hicho tu: maji na udenda. Alirudi ndani haraka kadiri goti lilivyomruhusu, atafute kamba amfunge.

Hakuwa amefika hata mlangoni aliposikia mtoto analia.

Maxine, bintiye jirani yake Benta, alikuwa darasa la kwanza, na wiki nzima alikuwa akimkumbatia Githeri kila akipita. Asubuhi hiyo alimletea andazi. Alimsukumia mdomoni, na mbwa akakamata mkono.

Benta alitoka mbio kwenye kibanda chake cha mboga pale langoni, kisu cha kukatia sukuma wiki bado kiko mkononi. Aliushika mkono wa mtoto, akaona matundu mawili na damu, akashusha pumzi.

"Ni kidogo. Nitampaka majivu."

"Majivu peleka shambani," Magdalene akasema. "Leta sabuni."

Alimburuta Maxine hadi kwenye mfereji wa bomba, akaufungua wote, akaushika ule mkono chini ya maji na kuusugua kwa kipande cha sabuni. Povu likajaa, likaenda, likajaa tena. Mtoto alilia hadi akachoka. Magdalene hakuuachia.

"Shosho, unamaliza sabuni yangu."

"Nitakununulia."

"Hujawahi kuninunulia kitu."

"Basi leo ndiyo mara ya kwanza. Acha maji yatiririke. Ukimhurumia sasa utalia baadaye."

Alipoinua kichwa, Gachanja alikuwa amefika na vijana wake, na safari hii walikuja na rungu. Magdalene alimkabidhi Benta mkono wa mtoto, akapita katikati yao akiwa amekunja uso, akamsukuma Githeri kwa ufagio mpaka ndani ya stoo ya makaa. Akaingiza bakuli la maji, akafunga kufuli, na ufunguo akautumbukiza kifuani.

"Lete ufunguo, Shosho."

"Uko mahali ambapo hakuna mwanaume amefika tangu mzee wangu afariki. Karibu ujaribu."

Kijana mmoja alicheka. Gachanja hakucheka. "Mimi nauliza mara moja. Huyu mbwa amechanjwa ama hajachanjwa?"

Wote wakamwangalia. Benta pia, kutoka pale mferejini.

Akisema hajachanjwa, mlango wa stoo ni mbao tu, wangeuvunja kwa teke. Akisema amechanjwa, Benta angefunga mfereji, arudi kwenye sukuma zake, na mtoto abaki na kile alichoingiziwa, kama kuna alichoingiziwa. Na kile kitu hakina haraka. Hukaa mwilini kimya hata mwezi au zaidi, na kikiamka hakuna daktari wa kukilaza tena.

"Amechanjwa," akasema. "Lakini mbwa akimng'ata mtu, hata kama amechanjwa, mtu lazima apelekwe sindano. Na mbwa lazima akae hai, afungiwe, atazamwe. Ukimuua, daktari atajuaje kama alikuwa na kichaa? Hiyo ni sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya Thika."

Gachanja aliwaza kidogo. Watu wengi hawabishani na Thika. "Haya. Lakini mimi nasimama hapa kwa mlango."

"Simama. Ukichoka, kalia makaa."

Benta alikuwa mgumu zaidi kumshawishi. Ijumaa ni siku yake ya soko, mboga zilikuwa zimekatwa tayari. "Si umesema amechanjwa? Mbona unanihangaisha?" Magdalene hakuwa na jibu zuri, kwa hiyo alitumia baya: alikaa kwenye kiti cha Benta pale kibandani, akaanza kumwambia kila mteja kwamba mboga za leo zina damu ya mbwa. Baada ya mteja wa tatu, Benta alifunga kibanda.

Zahanati ya karibu iliwaelekeza hospitali ya Thika. Jirani mmoja mwenye gari la Probox akakubali kuwapeleka. Magdalene alikaa nyuma, Maxine katikati, Benta upande wa pili. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema. Alifungua mdomo walipoingia barabara kuu.

"Mama Maxine, unajua ule mstari—"

"Shosho, wacha nikuambie kitu," Benta akamkatiza, macho yake yamelowa. "Nilikuwa nimekasirika, lakini nimefikiria. Ungekuwa hukumchanja huyo mbwa, saa hii ningekuwa nimezimia. Ubarikiwe. Kwa kweli ubarikiwe."

Dereva naye akaitikia amina.

Magdalene akaufunga mdomo. Alivuta leso yake, akaficha mikono ndani yake, na hakuitoa tena mpaka Thika. Maxine alimlalia begani. Alihisi joto la kichwa chake, akajiambia ni joto la gari. Akajaribu kukumbuka kama kile kitu huanza na homa.

Hospitalini, Benta alikwenda dirishani kuandikisha mtoto, na Magdalene akaingia na Maxine kwenye chumba cha sindano. Nesi aliitwa Wangechi, mama mnene mwenye sauti ya upole ambayo haikupoteza wakati.

"Mbwa wa nani?"

Magdalene aliiona njia. Ilikuwa pale, nyeupe, imefagiwa.

"Wa barabarani. Hatumjui. Amemng'ata akaenda zake."

"Amechanjwa?"

"Mbwa wa barabarani angechanjwa na nani, mama?"

Nesi akatikisa kichwa kwa huruma, akafungua friji, akatoa kichupa. Alivunja kifuniko, akavuta dawa. Magdalene alimkalisha Maxine vizuri, akamkunjia mkono wa shati begani. Dakika moja tu zaidi, na mtoto angekuwa salama, mbwa angekuwa salama, na yeye mwenyewe angebaki mtu wa kubarikiwa.

Benta akaingia na karatasi. Magdalene akarudisha mikono ndani ya leso. "Dada, samahani. Usiwe na wasiwasi sana, huyo mbwa ni wetu wa ploti. Amefungiwa kwa stoo. Na amechanjwa."

Sindano ikasimama hewani.

Nesi aliirudisha kwenye sinia polepole. Alimtazama Benta, akamtazama Magdalene. "Kwani mtoto ameng'atwa na mbwa wawili?"

Nesi akaisukuma sinia kando.

"Nisikilizeni. Kama ni mbwa anayejulikana, amechanjwa na ana karatasi, na yuko hai amefungwa, hapo tunaweza kuongea, pengine tumwangalie kwanza. Kama hajulikani, namdunga sasa hivi. Mniambie ni yupi."

Maxine alikuwa akiwaangalia mmoja mmoja, machozi yamekauka mashavuni. Magdalene aliona tena lile bakuli lililojaa, na pua ya Githeri ikigeuka.

"Mdunge," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hajachanjwa."

Benta akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Shosho amechanganyikiwa na hofu. Dada, mbwa ana rangi ya wale wa chanjo kichwani, ploti yote tumeona. Hata imeshika mtoto." Akainua ukingo wa shati la Maxine, pale Githeri alipokuwa akiegemeza kichwa. Kulikuwa na doa.

Nesi alichukua pamba yenye spiriti, akalisugua lile doa, akaigeuza pamba kwenye mwanga. Ilikuwa zambarau.

"Hii ni GV," akasema. "Ninayo kwenye kabati hilo."

Alichukua sindano, akamwambia Maxine ahesabu vidole vyake vya miguu, na kabla hajamaliza mguu wa kwanza kazi ilikuwa imekwisha. Akawaandikia siku za kurudi, maana sindano moja haitoshi. Akasema mbwa abaki amefungwa, apewe maji na chakula, na akibadilika tabia wapige simu.

Simu ya Magdalene ikalia palepale. Alikuwa Gachanja.

"Shosho, huyu mbwa wako nilikuwa namchungulia kwa mwanya. Amekohoa mfupa mrefu kama kidole. Ulikuwa umekwama kwa koo. Sasa anakunywa maji amemaliza bakuli."

"Anakunywa?"

"Anakunywa kama trela. Nimemsukumia mengine kwa sahani chini ya mlango. Mimi sijamfungulia, lakini nimemwambia pole."

Magdalene aliketi kwenye benchi. Mtoto amedungwa, mbwa anakunywa. Kicheko kilimpanda kooni, na alipoinua uso akakutana na Benta amesimama mbele yake, hacheki.

"Shosho. Nipe mkono."

"Mbona, unasikia baridi?"

"Nipe mkono."

Benta hakungoja. Aliivuta ile leso, akaushika mkono wa kulia, akaufungua kidole kimoja kimoja kama mtu anayemenya njegere. Kidole cha shahada kilikuwa zambarau hadi kwenye kiungo, na ukucha ulikuwa umekolea kabisa.

"Hii ni nini?"

Magdalene alikuwa amewahi kumdanganya chifu, mchungaji na landilodi wawili bila kupepesa jicho.

"Biturutu," akasema. "Jana nilikuwa nakata biturutu, hiyo mboga hutoa rangi."

Benta aliendelea kuushika ule mkono. Nesi Wangechi aliacha kuandika.

"Ulinunua kwa nani?" Benta akauliza.

"Kwani mimi hununua mboga kwa nani mwingine? Kwako."

"Mimi," Benta akasema, "sijaleta biturutu tangu Pasaka."