Neno la Kufungulia

Saada binti Harithi alikuwa na sababu ya kutaka barua yake ifungwe. Miaka minne nyuma dada yake, Zaina, alitumiwa majibu ya hospitali kwa barua pepe, na anwani yenyewe, kama za watu wengi wa kijiji chao cha Narung'ombe, ilifunguliwa na Amri mwenye steshenari pale Ruangwa mjini. Maneno ya siri ya wateja wote Amri anayaandika kwenye daftari lake la kaunta, maana akimwachia mtu neno lake alikumbuke mwenyewe, litaishia njiani kabla hajafika kwake. Amri si mtu mbaya. Ana sauti tu. Amezoea kuwasomea wazee barua zao, basi akamsomea na Zaina: mirija imeziba, uwezekano wa kushika mimba ni mdogo, na foleni nzima inasikiliza. Zaina alipofika nyumbani mama mkwe wake alikuwa ameshapata habari. Mwezi haukuisha, akapewa talaka, akarudi kwa baba yake.

Kwa hiyo Saada alipogusa kijivimbe kwenye titi la kushoto hakumwambia mtu. Alimuaga baba yake kwamba anakwenda Nachingwea kumwona rafiki, akaenda hospitali. Wakamkata kinyama kidogo kikapelekwa mbali kupimwa. Nesi aliyeshughulikia majibu aliitwa Winfrida, mama wa makamo, mpole. Saada akamweleza yote yaliyompata Zaina.

"Usihofu, mdogo wangu," Winfrida akasema. "Siku hizi majibu tunayafunga. Barua itakuja kwenye barua pepe yako, lakini bila neno la kufungulia, huyo Amri wako ataona kufuli tu. Neno lenyewe nitakutumia kwa simu. Barua na ufunguo wake havipiti njia moja."

"Na kama simu akiishika mtu mwingine?"

"Simwambii kitu. Awe nani awe, sisemi hata natoka wapi. Nitasema na wewe tu."

Saada alishusha pumzi. Aliona amepata mtu anayejua thamani ya siri. Shida ilikuwa moja: simu yake mwenyewe ilitumbukia kisimani wiki iliyopita. Akaandikisha namba ya baba yake.

Sasa, Mzee Harithi na simu yake ni kisa kingine. Ilikuwa simu ya batani, ameitia kwenye mfuko wa nailoni na kuining'iniza shingoni, analima nayo na kulala nayo. Tangu jirani yao Masoudi apigiwe simu na matapeli kwamba mtoto wake ameanguka shuleni, atume haraka hela ya matibabu, naye akatuma na mtoto yuko uani anacheza, mzee alikuwa ameapa kwamba yeye hawatampata. Kwenye mkutano wa kijiji alikuja ofisa mmoja akawafundisha: ujumbe wenye tarakimu za ajabu unaokwambia usimwonyeshe mtu, futa; mtu asiyetaka kujitambulisha, kata simu. Wengine walisikia wakasahau. Mzee Harithi aliyashika maneno yale kama anavyoishika Fatiha.

"Baba," Saada alimwambia aliporudi, "yule rafiki yangu wa Nachingwea atanitumia ujumbe kwenye simu yako. Ukiuona uniite."

"Nitakuita, mwanangu."

Zilipita wiki tatu. Ulikuwa wakati wa palizi ya ufuta, na jioni moja wanakula ugali na mlenda, mzee akaanza kucheka peke yake.

"Leo nimemkomesha mwizi," akasema. "Mwizi wa kike! Kwanza kaleta ujumbe, maneno hayana kichwa wala miguu, mbaazi sijui kisima sijui elfu nne na ngapi, halafu mwishoni usimpe mtu. Nikafuta. Akapiga. Namuuliza wewe nani, anasema hawezi kusema. Unatoka wapi, hawezi kusema. Nikakata. Kapiga mara tatu! Ya mwisho nikamwambia, mama, tafuta jembe ulime, uache wizi."

Zaina alicheka mpaka akapaliwa. Saada naye alicheka, akashika mbavu, akamwomba baba arudie pale pa jembe. Baba akarudia. Kwa siku nyingi nyumba ile haikuwa imecheka hivyo, na mtu anayesubiri ujumbe mzito hadhani utakuja umevaa nguo za kichekesho.

Baada ya hapo akawa anauliza, "Baba, hujapata ujumbe wangu?" Na mzee, bila kudanganya hata chembe, alijibu kwamba hajaona. Mwizi hakumhesabu.

Alikwenda kwa Amri. Barua ilikuwepo.

"Ipo dada, lakini imefungwa," Amri akasema huku anajikuna shingo. "Nimeijaribu kwa paswedi zote za daftari, zote zimegoma. Nani kakutumia?"

"Mtu tu," Saada akajibu, akaondoka amefurahi kwamba kufuli limemshinda Amri.

Angeweza kurudi Nachingwea siku ile ile. Tuseme ukweli, hakutaka sana. Mvua zilikata barabara, akashukuru mvua. Zilipokatika, ufuta ukaiva, akashukuru ufuta. Moyoni alijiambia kwamba habari mbaya haina subira, ingekuwa mbaya wangemtafuta hata kwa tochi. Waliomtafuta walikuwa wameambiwa wakalime. Kijivimbe kikakua, kikaingia kwapani. Alipofika tena hospitali palizi ilikuwa imeshapita miezi mitano.

Winfrida alipomwona alisimama, akashika kichwa.

"Saada! Ulikuwa wapi? Nimetuma neno, nimepiga mara tatu, namba nyingine sina. Anapokea mzee mmoja mkali, ananiambia..."

"Tafuta jembe ulime," Saada akasema taratibu.

"Uache wizi," Winfrida akamalizia. Wakatazamana.

Hakuna aliyecheka. Winfrida akaandika lile neno kwenye kompyuta, barua ikafunguka, nayo ikasema saratani. Daktari alimpima, akamwambia bila kumzungusha: wakati barua ile inaandikwa nafasi ilikuwepo, titi lingeondolewa, angepelekwa Dar es Salaam akatibiwe. Sasa imeshafika kwenye ini. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu.

Saada alilia pale kwenye benchi mpaka kanga ikalowa. Alimlilia kila mtu: nesi aliyetunza siri, baba aliyelinda simu, na yeye mwenyewe aliyeomba vyote viwili. Kisha akajifuta uso.

"Sista, nakuomba kitu kimoja. Baba yangu asijue. Akijua, atatangulia kabla yangu."

"Hatajua."

"Na ukija nyumbani usiseme mbele yake. Sauti yako anaijua."

Winfrida alikuja mwezi wa tisa, amebeba dawa ya maumivu. Saada alikuwa kwenye mkeka barazani, amekwisha, kabakia macho. Nyumbani walijua anaumwa ini, na ini humpata mtu yeyote. Nesi akapiga goti mbele ya Mzee Harithi, akainamisha kichwa, midomo ikacheza kama inasema shikamoo, sauti haikutoka.

"Marahaba. Mgeni wako mbona hasemi?" mzee akauliza.

"Mafua, baba. Sauti imemkauka."

"Maskini, pole sana mwanangu. Umetoka mbali na mafua yako kuja kumwona mwenzio." Akaingia ndani, akatoka na korosho za kubangua mwenyewe, akamtilia kwenye mkoba. Simu ilikuwa inaning'inia kifuani. Alivuta kigoda akaketi karibu na mwanawe, kwa kuwa siku hizi alitafuta kila neno la kumchangamsha.

"Saada, nimsimulie mgeni kile kisa cha yule mwizi?"

Winfrida akaangalia chini. Zaina akasema, "Baba, mwache mgonjwa apumzike."

"Msimulie, baba," Saada akasema.

Akasimulia chote, ujumbe usio na kichwa wala miguu, simu tatu, na mkono wake umeshika mfuko wa nailoni kwa fahari. Mgeni alijifunika uso kwa mtandio, na mzee akadhani ni mafua. Alipofika pale pa jembe alimtazama binti yake, anasubiri.

Saada akakusanya pumzi aliyokuwa nayo, akacheka.