Foleni Iliyomrudisha Mwalimu Nyumbani

Mwalimu alivua viatu na mkanda akiwa bado mbali na mashine ya ukaguzi, akavishika mkononi pamoja na tiketi, maana hakutaka awe yeye atakayewachelewesha wenzake. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Miaka yote ya kazi alikuwa akipanga watoto mstari, mkono wa huyu begani kwa yule, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba mstari ukinyooka, mambo nayo hunyooka. Ukumbi wa uwanja wa ndege ulikuwa umefurika. Kamba za bluu zilipinda kushoto zikapinda kulia baina ya vijiti vya chuma, na ndani ya kamba watu walisimama na mabegi yao wakitazama visogo vya watu wasiowajua.

Alikuwa anakwenda kumwona mama yake. Mama alilazwa katika mji wa mbali, na alfajiri ile kaka mdogo wa Mwalimu alikuwa amepiga simu kusema kwamba daktari ameacha kuzungumza habari za dawa. Sasa daktari alikuwa anauliza habari za ndugu, nani yupo na nani hajafika. Mwalimu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mume wake, fundi wa majokofu, alimsindikiza hadi mlangoni, akamwambia, "Msalimie mama, mwambie namwombea," akarudi kwenye kazi zake.

Kando ya foleni ilipita Njia ya Haraka. Ilikuwa na zulia, na mwanzoni mwake palikuwa na chungu cha maua ya plastiki. Aliyeichora njia hiyo bila shaka alilipwa vizuri, lakini alisahau kwamba mashine ilikuwa moja tu, kwa hiyo zulia lilipokaribia mashine lililazimika kuikata foleni ya watu wa kawaida. Ndiyo maana kila alipotokea abiria wa Haraka, afisa wa kamba, binti mwenye adabu zake na kipaza sauti, alitangaza:

"Turudi nyuma kidogo, jamani, tumpishe!"

Watu walirudi. Walikuwa watu waliolelewa wakaleleka. Ukiambiwa pisha, unapisha, kisha unamwomba radhi uliyemkanyaga. Abiria wa Haraka alipita, akapunga mkono wa shukrani bila kumtazama mtu, na mambo yakaendelea. Ila amri ya kurudi nyuma ilikuwa na mtu wa kuitoa, na amri ya kusogea mbele haikuwa na mwenyewe. Kila mtu alingoja aambiwe. Hakuna aliyetaka kuonekana ana kiherehere. Foleni ikarudi hatua moja ikabaki hapo hapo, na alipokuja mwingine ikarudi hatua nyingine.

Siku hiyo wa Haraka walikuwa wengi. Kulikuwa na wenye kadi za dhahabu, wenye vyeo, shemeji za wenye vyeo, na bwana mmoja aliyepita na mbwa ambaye alikuwa na kadi yake mwenyewe. Mchana ulipofika, Mwalimu alikuwa amerudishwa hadi kwenye mlango wa kioo alioingilia. Baadaye kidogo alikuwa nje, kwenye maegesho, akipita kinyumenyume baina ya magari. Kamba nazo zilikuja, na zulia likazifuata kando. Uwanja ule ulipungukiwa na mashine, viti na maji ya kunywa, lakini haukuwahi kupungukiwa na kamba hata siku moja.

Mbele ya Mwalimu alisimama muuza vipuri, mtu mpole mwenye koti la suti, anayekwenda kumwoza binti yake.

"Tunakwenda vizuri," alisema muuza vipuri.

"Nyuma au mbele?" Mwalimu aliuliza.

"Nasema tu tunakwenda."

Foleni ilifuata barabara kuu ikirudi ilikotoka, na kwenye njiapanda ikakata kushoto kwa sababu upande huo ulikuwa na kivuli. Huo ulikuwa mtaa wa Mwalimu. Majirani walitoka kutazama, wakaona ni foleni ya uwanja wa ndege, wakarudi kuanua nguo zao zisichafuliwe. Simu ya Mwalimu ililia wakati huo.

"Dada, umefika wapi?" Alikuwa kaka yake.

"Niko kwenye duka la vioo, karibu na nyumbani."

"Kumbe hujaondoka?"

"Nimeondoka tangu asubuhi."

"Sasa uko nyumbani unafanya nini?"

"Siko nyumbani. Niko kwenye foleni."

Kwa mbali, upande wa kaka, ilisikika sauti ya kitanda cha magurudumu kikisukumwa.

"Mama anakuulizia," alisema.

"Mwambie nakuja. Mwambie nimeshavua viatu kabisa."

Jioni foleni iliingia nyumbani kwa Mwalimu kwa mlango wa mbele, ikakata sebule, ikapita jikoni na kutokea mlango wa uani. Fundi wa majokofu alikuwa amepanga vyuma vyake sakafuni. Alipoona kisogo cha mke wake kinaingia mlangoni alivisogeza pembeni apate kupita.

"Umerudi?"

"Sijarudi. Niko njiani."

"Haya, karibu." Fundi alisimama ameshika bisibisi, hajui kama anampokea mkewe au bado anamsindikiza. Mwishowe alimletea chai, na kwa kuwa si uungwana kumpa mmoja, aliwapa na wengine waliokuwa sebuleni. Muuza vipuri aliketi kwenye mkono wa kochi, akaisifu nyumba.

Kesho yake afisa wa kamba alifika na sanduku kubwa la plastiki. Alibisha hodi kwa adabu, akaeleza kwamba eneo lote lililo ndani ya kamba ni eneo la usalama, akaomba vimiminika. Akachukua mafuta ya kupikia, sabuni ya maji, dawa ya kikohozi na ndoo ya maji iliyokuwa chini ya sinki. Akachukua visu vyote isipokuwa kile cha kupakia siagi, ambacho alikipima kwa kidole akakionea huruma. Alipofika kwenye bisibisi za fundi, fundi alizikumbatia.

"Mimi sisafiri!"

"Najua, baba. Lakini umo ndani ya foleni."

"Nimo ndani ya nyumba yangu!"

"Hilo halina ubishi," afisa alisema, akanyoosha mkono.

"Mpe tu, mume wangu," alisema Mwalimu. "Mtoto wa watu yuko kazini."

Fundi alimpa. Afisa alimshukuru, akaomba atumie choo. Alipotoka alifunga kamba mlangoni pa choo na kutandika kipande cha zulia, na kuanzia hapo fundi naye alisubiri zamu.

Siku zilipita. Ndege iliondoka kila siku na waliobahatika kuipanda, na tiketi za waliobaki zilisogezwa mbele. Katika foleni ile tiketi peke yake ndizo zilizosogea mbele. Mwalimu alifika jikoni. Watu walilala walipokuwa, kwa mpangilio, na asubuhi waliamka kila mmoja mahali pake bila ugomvi, jambo ambalo afisa alilisifia kwenye kipaza sauti.

Asubuhi moja fundi alishindwa kuvumilia.

"Toka humo," alisema. "Toka twende mbele tukaseme nao. Mama yako anakufa na wewe umeshikana na sinki."

"Nikitoka napoteza nafasi."

"Nafasi gani? Hii hapa? Hapa unapooshea vyombo siku zote?"

"Kuna watu walitangulia. Nikiwaruka hawa, wale watoto wangu nitawafundisha nini?"

"Wale watoto bado wanajikojolea!" Fundi alipiga meza. "Hawajui foleni wala hawajui wewe uko wapi. Mama yako anajua!"

Mwalimu alilia. Alikuwa na uchungu wa mama yake, na juu ya uchungu huo alikuwa na aibu, kwa sababu hata wakati ule bado aliogopa kuwaudhi watu asiowajua majina. Alijifuta, akanyoosha mkono kama wanavyofanya wanafunzi wake, na afisa akaja. Mwalimu alimweleza. Afisa alisikiliza hadi mwisho, na machozi yalimlengalenga, maana hakuwa na roho mbaya hata kidogo.

"Pole sana, mama. Utaratibu wa dharura upo, tena mzuri. Unaombwa pale dirishani."

"Dirisha gani?"

"La ndani. Ukishapita mashine."

Mchana huo kaka alipiga tena, akaiweka simu sikioni kwa mama. Pumzi yake ilisikika kwanza, kisha sauti.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Hao wanaokupita wanakwenda wapi?"

"Sijui, mama. Wengi wana mikutano."

"Aa." Mama alipumzika kidogo. "Mimi sijawahi kusikia mkutano umekata roho."

"Nakuja, mama. Nivumilie."

"Nakuvumilia. Sema nao basi, hao wenye mikutano, nao wanivumilie."

Mwalimu alicheka na kulia kwa pamoja, na mama naye akacheka huko aliko mpaka kikohozi kikamzidi na simu ikachukuliwa. Muuza vipuri aligeuka akatazama ukutani. Dakika hiyo hiyo waliamriwa kurudi nyuma, akapita mtu anayekwenda kucheza gofu.

Mama alifariki siku iliyofuata. Kaka alisema hakuteseka, ila aliuliza tena mara moja, na wao wakamwambia dada yuko njiani, na huo haukuwa uongo. Mwalimu alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wa uani. Fundi alimshika asianguke, na waliokuwa mbele na nyuma yake wakamshika pia, bila mtu kutoka kwenye mstari.

Msiba ulikaliwa pale pale. Majirani na walimu wenzake walikuja kumpa pole, na afisa wa kamba aliwapokea kwa heshima na kuwaelekeza mwisho wa foleni, ambao wakati huo ulikuwa ng'ambo ya kiwanja cha mpira. Walikwenda, wakapanga mstari. Kwa kuwa hawakuwa na matumaini ya kumfikia, walimpa pole aliye mbele yao, naye akampa aliye mbele yake, hadi pole za watu wote zikamfikia Mwalimu kupitia kwa mama mmoja aliyekuwa nyuma yake, ambaye alizitoa moja moja bila kuchoka.

Mwenyekiti wa bodi ya shule alifika kwa zulia. Alikuwa na safari yake mwenyewe, alikuwa na kadi ya dhahabu, na alisikia kwamba mfanyakazi wa shule amefiwa hapo hapo njiani, akaona si vibaya kupita. Afisa alimwonyesha kwa kidole mahali aliposimama Mwalimu, kisha akainua kipaza sauti.

"Turudi nyuma kidogo, jamani, tumpishe mwenyekiti anakuja kumpa pole mfiwa!"

Foleni ilirudi. Mwalimu alitoka kizingitini akajikuta uani, nyuma ya ukuta. Mwenyekiti, aliyekuwa anasoma kitu kwenye simu, alifika mahali alipoonyeshwa, akanyoosha mkono kwa muuza vipuri.

"Pole sana, Mwalimu. Mama ni mama."

Muuza vipuri alitazama nyuma, akaona ukuta. Hakutaka kumwaibisha mtu mzima mbele za watu. Akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, mheshimiwa. Tumeshapoa."

"Jipe moyo. Shule iko pamoja nawe." Mwenyekiti alimpigapiga begani, akatazama saa, akaenda zake mbele kwenye mashine, akapita bila kuvua kitu.

Ikawa safari yake ni ya mji ule ule. Alikuwa na kikao huko, kikaisha mapema, na kwa kuwa alikuwa na muda alikwenda mazishini. Jioni kaka alipiga simu. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Tumemzika, dada. Watu walikuwa wengi. Na mgeni wako amefika, Mungu ambariki. Tumemweka kiti cha mbele."

"Mgeni gani?"

"Mwenyekiti wako. Amesema maneno mazuri sana kwa niaba yako, watu wamelia."

"Amesema nini?"

"Amesema ulitamani mno kufika, lakini umebanwa na mambo."

Mwalimu alikuwa amefika kwenye uzio wa jirani. Kamba ya bluu ilikuwa imefungwa kwenye nguzo za uzio, kwa fundo safi.

"Mmemlaza karibu na baba?" aliuliza.

"Ndiyo. Upande wa kulia."

"Na nani ameshika nafasi yangu pale..." Mwalimu alianza kuuliza, kisha akasema atapiga baadaye, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kupishwa.