Mahindi Yanayotembea

Kathini alikuwa amefika katikati ya kutwanga, maganda yameanza kuachana na punje, Mutindi alipoingia uani na kuku mwekundu kwapani.

"Nimfunge hapa karibu na njia," Mutindi alisema. "Si lazima achinjwe. Muhimu aonekane."

Kathini aliyanyunyizia mahindi maji kidogo, akainua mchi tena. Muthokoi, mahindi ya kutolewa ganda, haupendi haraka. Ukitwanga kwa hasira punje zinapasuka, ukitwanga kwa uvivu ganda linabaki na mlaji atalisikia kooni. Mlio wa mchi ulivuka bonde kavu, ukagonga kilima cha upande wa Nuu, ukarudi umechelewa, kana kwamba kulikuwa na mwanamke mwingine kule ng'ambo, naye anatwanga mahindi haya haya.

Hilo lisingekuwa ajabu. Mahindi hayo yalikuwa yakisafiri wiki hiyo. Jumatatu gunia lilikuwa kwa Wavinya. Jumanne lilikuwa kwa Mutindi. Leo liliegemea ukuta wa Kathini, na kando yake kiondo cha maharagwe chenye mistari ya zambarau, mkebe wa sukari, na sasa kuku huyu, aliyefungwa kitambaa cha kijani mguuni.

Yote yalianza na chakula cha shule. Kila muhula mzazi hupeleka mahindi, maharagwe na kuni ndipo mtoto wake apikiwe. Mvua za Novemba zilipita juu mwaka huo, zikaonyesha mawingu tu, na shule ikatangaza kwamba mzazi asiyeweza ajaze fomu, aombe mtoto wake ale bila mchango. Wavinya, Mutindi na Kathini walijaza. Kisha wakaambiwa kamati itapita nyumbani kwa kila mmoja, ijionee hali.

Waliposikia hivyo, swali lilikuwa moja tu: wageni watakula nini?

Ndipo kikundi chao cha mwethya, ambacho huchimba matuta ya shamba la huyu leo na la yule kesho, kilipokusanya kilichobaki katika kila nyumba. Huku nusu debe, kule kisahani. Na kile chakula kikawa kinawatangulia wageni. Kamati ilikula kwa Wavinya, ikashukuru. Ikala kwa Mutindi, ikashukuru. Jana jioni wote wawili waliletewa jibu: ombi halikukubaliwa, nyumba ina akiba.

"Mutindi," Kathini alisema, "ni hii chakula imewaangusha."

"Najua."

"Na bado unaniletea?"

"Sasa wakuje wakae wakiangalia ukuta? Aiya! Unataka tuongewe mpaka Kyuso?"

Kathini aligeuza mahindi ndani ya kinu. Aliwaza juu ya Wayua, binti yake wa darasa la nne, ambaye saa hiyo alikuwa shuleni. Tangu muhula uanze sahani ya Wayua ilikuwa imening'inia ukutani bila kazi. Saa ya chakula, mtoto alimwambia, yeye huenda upande wa tangi la maji wenye kivuli na kufumba macho, mpaka mvuke wa sufuria kubwa umfikie. "Ukifumba macho, mama, unakula ya kila mtu." Alilisema kama anayesimulia ndoto nzuri. Kathini angependa zaidi kama mtoto angelia.

Wageni walionekana mbali, jua likiwa limepanda. Ardhi ilichemka kwa joto na miguu yao haikuonekana, wakawa kama watu wawili wanaoelea juu ya vumbi. Mmoja alikuwa Kilonzo, mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa mwenye kofia. Mwingine alikuwa Mwalimu Thuo, naibu wa mwalimu mkuu, mgeni kutoka Nyeri, hajamaliza hata mihula miwili huku.

Walikaribishwa, wakanawa mikono. Muthokoi wa kuliwa ulikuwa jikoni tangu alfajiri. Ule wa kwenye kinu ulikuwa wa kufungiwa waende nao. Mutindi alipakua. Kilonzo aliomba, kisha akala akiangalia sahani yake tu. Thuo alikula polepole huku akitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango.

"Mama Wayua," alisema mwishowe, "nitakuuliza kitu na usinicheke. Mimi nimewahi kufika hapa?"

"La, mwalimu. Ni leo tu."

"Hiki kiondo nakijua. Na huu mkebe. Tangu Jumatatu naona kama ninaingia nyumba moja. Natoka, natembea kwa jua, naingia tena ile ile." Alicheka kidogo. "Hata huyu kuku nimemwona."

"Kuku wa huku wanafanana," Mutindi alisema haraka.

"Na kitambaa cha kijani?"

"Ni mguu unamuuma."

"Wote?"

"Ni ugonjwa umeingia, mwalimu. Ongeza maharagwe."

Kilonzo alikohoa ndani ya kikombe. Thuo alitikisa kichwa, akafungua fomu juu ya goti. "Labda ni jua," alisema. "Haya. Swali la mwisho. Mahindi haya ni yako?"

Kuku alikwaruza vumbi. Kathini alimwona Mutindi akisimama na upawa mkononi, macho yakimwomba. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi na kwenye heshima, na Wayua angerudi kwenye kivuli cha tangi. Kusema hapana kulikuwa kuwaacha wenzake uchi mbele ya wageni ambao wenzake hao waliwalisha.

Aliingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo. Alikikung'utia kiganjani: ndengu za mbegu, hazikujaza mkono.

"Zangu ni hizi," alisema. "Hayo mengine yanatembea."

"Yanatembea?"

"Yanawafuata nyinyi, mwalimu. Mkienda kwa Wavinya yanaenda. Mkienda kwa Mutindi yanaenda. Ni ya wote na hakuna aliye nayo."

"Kathini!" Mutindi aliketi chini pale pale. "Umetuvua nguo."

"Nimeanza na zangu."

Thuo alitazama sahani yake, kisha gunia, kisha kuku. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeamshwa taratibu. Akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, ulijua?"

Kilonzo alivua kofia. "Nilijua kutoka Jumatatu."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nimekula, mwalimu. Mtu aliyekula kwa watu atafungua mdomo aseme hawana?"

Upepo ulipita, ukapeperusha maganda mepesi kutoka mdomoni mwa kinu, yakaelea juu ya vichwa vyao kama wadudu wa mvua. Wote waliyatazama mpaka yakashuka. Thuo aliikunja fomu bila kuandika kitu.

"Kesho tunaanza upya," alisema. "Kwa Wavinya, kisha Mutindi, kisha hapa. Lakini nisikute chakula."

"Hiyo haiwezekani," Mutindi alisema akiwa bado chini.

"Hata kidogo, mama."

"Chai?"

"Maji."

"Maji ni ya kunawa! Chai, mwalimu."

"Basi ya rangi. Bila sukari."

"Bila sukari ni matusi," Kilonzo alisema kwa upole. "Hapo namuunga mkono."

Thuo alishika paji la uso, na Mutindi akawa wa kwanza kucheka, kisha wote. Wakakubaliana: chai ya rangi, sukari kidogo, na mkebe usionekane.

Walipokuwa wakiondoka Thuo alisimama njiani. "Mama Wayua. Mtoto aje na sahani kesho. Wa kwa Wavinya pia, na wa mama hapa. Nitawasemea jikoni wapewe chakula. Hayo ya kuandika yatafuata tukimaliza nyumba zote."

Wakaelea tena juu ya vumbi, wakapotea. Mutindi alimfungua kuku, lakini hakumbeba. Alisimama kando ya kinu, akachungulia.

"Na haya? Umefika nusu."

"Tuyafunike," Kathini alisema. "Kesho wakishapita tutaamua yaende kwa nani."

"Hujaniuliza kama nimekasirika."

"Umekasirika?"

"Kesho nitakuambia. Nisaidie ungo."

Walifunika kinu, wakaweka jiwe juu ili kuku asijaribu. Kathini alilaza mchi ukutani. Kisha akaishusha sahani ya Wayua, akaisugua kwa majivu, akaisuuza kwa maji machache, akaiegemeza juani ikauke. Ng'ambo ya bonde kulikuwa kimya. Yule mwanamke mwingine naye alikuwa amepumzika.