Kamati ya Nyuki

Mkenya akifika Doha, hata kabla hajazoea joto, tayari ni mjumbe wa kamati fulani. Ipo kamati ya misiba, ipo ya harusi, na ipo ya kuchunguza kwa nini ile ya harusi haijaleta hesabu. Kwa hiyo Jerusha hakupaswa kushangaa, mwaka ule wa 2014, alipokuta nyuki wake wameundiwa kamati. Alishangaa hata hivyo, maskini, kwa sababu bado alikuwa na imani na watu.

Jerusha alikuwa muuguzi, mama wa mvulana mmoja anayelelewa na bibi yake huko Nyamira. Alipanga chumba katika jumba kuukuu karibu na Al Sadd, ambamo Wakenya na Waganda walijazana, na nyuma ya jumba hilo palikuwa na kipande cha mchanga ambacho mwenye nyumba, kwa ujasiri mkubwa, alikiita bustani. Humo Jerusha alipanda sukuma wiki, rehani na malenge. Malenge yalichanua vizuri, kisha kila tunda changa likaoza na kudondoka.

Alipochoka kupiga dawa ndipo nyuki walipokuja. Walikuwa wadogo, weusi, na hawakufanana kitabia na nyuki aliowajua kwao. Hawakuwa na mzinga wala kundi. Kila mmoja alikuja na lake, akaingia katika tundu lake la tete kwenye uzio, akatoka, akaenda zake bila kusalimiana na jirani. Jerusha, ambaye jumbani mwao hata bafu lilikuwa na foleni, aliwapenda papo hapo.

Akakata matete makavu, akayafunga kwa bendeji, akayatundika penye jua la asubuhi. Akaweka sahani ya udongo mbichi ili wapate wa kujengea. Akaacha rehani na sukuma zichanue, jambo lililowakera wenzake waliotaka sukuma za kula. Mmoja alimuuliza kama Nyamira watu hula maua. Nyuki walipochavusha maua na malenge yakaanza kunenepa, muulizaji huyo alikuwa wa kwanza kuleta sufuria.

Mwisho wa msimu wa maua, nyuki walikuwa wameziba matete yote kwa udongo. Watoto walikuwa ndani, na yakiachwa hivyo mpaka msimu kama huo mwaka ujao, wangetoka wenyewe. Jerusha hakutaka kingine chochote, ila matete yasiguswe.

Bahati mbaya, habari zilimfikia Githinji. Githinji alikuwa fundi wa kompyuta na mwenyekiti wa kila kitu kilichokubali kuwa na mwenyekiti. Hakuwahi kugusa mzinga maishani, lakini mjomba wake kule Nyeri alikuwa nayo mitatu, na kwa Githinji hiyo ilikuwa shahada tosha. Ijumaa, baada ya ibada kanisani Mesaimeer, alisimama akatangaza mradi wa asali na kamati yake. Ingeuzwa The Pearl, mtaa wa matajiri, kwa watu wanaonunua kitu chochote mradi chupa iwe ndogo.

"Mwenyekiti, hawa hawana asali," Jerusha alimwambia pale nje ya kanisa. "Hata malkia hawana. Kila mmoja anaishi peke yake."

Githinji alimtazama kwa huruma. "Hawana malkia? Sasa mikutano yao inaongozwa na nani?"

Jioni hiyohiyo kamati nzima ikafika bustanini na beseni, chujio na boksi linalofuka moshi. Mwenyekiti alivaa koti la mvua, ambalo ni Mungu tu ajuaye alilipata wapi katika nchi ile, na kichwani alijifunga chandarua. Nyuki mmoja aliyechelewa msimu alimpita bila kumtazama. Githinji akaona kwamba ameheshimiwa.

Jerusha alisimama mbele ya matete. "Tafadhali. Mkipasua, watoto watakufa."

Wakapiga kura. Mikono ikainuliwa, hoja ikapita, na Githinji akamsogeza kando kwa adabu zote, akachukua tete moja na kulipasua kwa kisu cha jikoni.

Ndani mlikuwa na vyumba vidogo vilivyotenganishwa kwa udongo. Katika kila chumba mlikuwa na kidonge cha unga wa manjano, na juu yake buu jeupe, moja tu, likijikunja kwa kupigwa na mwanga.

"Asali iko wapi?" mwenyekiti akauliza. Akachungulia ndani ya tete, akauliza tena, "Basi mama yao yuko wapi?"

"Hayupo," Jerusha alisema. "Alizunguka juani akitafuta hicho chakula. Akamwekea kila mtoto chake, akafunga mlango, akaenda. Hatawaona. Hata sura zao hazijui."

Githinji akacheka. "Mama gani huyo? Anaacha unga halafu anapotea? Huyo si mama, huyo ni kampuni ya kusafirisha mizigo!"

Alingoja wenzake wacheke. Hawakucheka. Proscovia, Mganda anayefanya kazi ya ndani kwa familia moja, ambaye hakuwahi kufungua mdomo katika mkutano wowote, akaweka beseni chini.

"Mwenyekiti, mimi nilimwacha mtoto bado ananyonya," alisema. "Sasa anaita shangazi yake mama. Naomba kuuliza, mimi ni kampuni gani?"

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wote pale walikuwa na mlango walioufunga mahali fulani, na Githinji, mwenye mabinti wawili Karatina, alikuwa nao pia. Alivua chandarua. Akachuchumaa na koti lake la mvua, akaunganisha vipande vya tete, lakini vilikataa kushikana.

"Dada, ule udongo uko wapi?"

Jerusha akamletea sahani. Mwenyekiti akapaka udongo kwa kidole gumba, polepole, akizungushia bendeji, na mabuu mawili yalikuwa yamekwisha kuanguka mchangani karibu na kiatu chake.

"Watatoka?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Watatoka," Jerusha alisema, kwa sauti ileile aliyoitumia kila wiki kumwambia mwanawe kwenye simu kwamba mama anakuja Desemba.